Mafuta Matupu Njia ya Yanonge

Mimi si mtu wa safari. Ninyi wa hapa Kisangani mnaonijua mnalijua hilo, na ninyi msionijua mtalijua kabla hatujafika mbali. Safari yangu ndefu kabla ya hii ilikuwa kuvuka mto kwenda Lubunga kwenye ndoa ya binamu, na hata huko niliondoka kabla ya wali kuiva kwa sababu niliona wingu. Mvua haikunyesha. Mama mkwe wangu, mtu wa mto, wa kijiji kilicho mbele kidogo ya Yanonge, alikuwa akiniita Papa Kiti. Alisema binti yake alitafuta mume akapata fanicha.

Kilichonitoa kwenye kiti ni kifo chake.

Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa ameshatangulia kumuuguza. Huko mama alimwomba kitu kimoja. Mume wa mama alizikwa miaka ya vita, mbao hazikupatikana, wakamfunga katika mkeka na kumshusha hivyo hivyo. Mama hakusahau ule mkeka. Akamwambia binti yake: "Mimi mukeka sitaki. Mwambie Papa Kiti aniletee sanduku la mujini. Mbao anazijua, kila siku anazikalia." Mke wangu akaahidi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Ndiyo maana simu ilipolia alasiri ile, mke wangu hakulia. Alisema kwa sauti kavu: "Mama ameenda. Kesho jua likipita utosini tunazika, huku hakuna friji. Noko iko Kisangani na moteri yake, mutakuja pamoja. Lete sanduku. Nilimuahidi, Baba Zawadi. Usinifanye muongo mbele ya maiti."

Noko ni mjomba kwa Lingala. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye mtumbwi mrefu na moteri ya zamani ya kufunga nyuma. Tulikuwa tumeshaonana mara nyingi kwenye sherehe, lakini siku zote mke wangu akiwa katikati yetu, akicheka kwa niaba ya wote wawili.

Mtaa wa Makiso, jioni ile ile, seremala alikubali kunipigia sanduku la mbao nyekundu, lenye vipini vya chuma na kifuniko kilichokaa barabara. Lilikuwa zuri. Nitasema ukweli, lilikuwa zuri kuliko kitanda changu. Kutoka hapo nikaenda kando ya barabara kwa muuza esanse, yaani petroli, kwa sababu kwa watu wa mke wangu mtumbwi wa msiba hunyweshwa na bokilo. Bokilo ni mkwe. Na kwao mkwe huheshimiwa mpaka aone aibu mwenyewe: hakatizwi maneno, hakaguliwi mzigo wake, haulizwi jambo mara mbili. Nikamwambia muuzaji: "Jaza mafuta bidoni zote." Akajaza madumu yangu yote. Mimi ni mtoto wa watu wa Maniema. Nyumbani kwetu gari linaweka mafuta, taa inaweka mafuta, na sufuria inaweka mafuta. Mama yetu hakutuchanganya hata siku moja, maana alikuwa akionyesha kwa kidole.

Alfajiri, bichi, pale mitumbwi inapofungwa. Sanduku lilifika juu ya pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, mimi nyuma nikiwa nimevaa shati jeupe la mazishi, na waendesha toleka walishuka kwenye baiskeli zao kutupisha. Noko alikuwa amekwisha kusimama ndani ya mtumbwi, suruali imekunjwa hadi magotini. Moteri yake haikuwa na kofia. Juu ilifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na rangi iliyobaki ilikuwa kidogo kama nywele za mwenyewe.

Tulipakia sanduku katikati, tukalifunika kwa turubai. Kisha Noko akatazama bidoni zangu. Angeweza kufungua moja akanusa. Ingekuwa mtu mwingine yeyote ameileta, angefungua, akanusa, akatukana na kumrudisha dukani. Lakini ilikuwa ya bokilo. Na kwa kunipa heshima zaidi akaacha Lingala yake pembeni, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Bokilo, esanse, iko na mafuta?"

Swali dogo. Nililisikia kwa masikio ya nyumbani kwetu: esanse, mafuta yapo? Nikaona mzee anajitahidi na Kiswahili, anasema jambo moja mara mbili. Nikamjibu kwa adabu ile ile:

"Iko, Noko. Mafuta matupu."

"Matupu?"

"Matupu kabisa. Hakuna kitu kingine ndani."

Akanyanyua nyusi, akaniangalia kama mtu aliyepewa zaidi ya alivyoomba. "Bon," akasema, yaani vema. Tukaondoka.

Hapo niwaeleze ninyi mnaokaa nchi kavu kama mimi. Moteri za zamani kama ile hazina mahali pake pa kuwekea oli. Oli huchanganywa ndani ya esanse kabla, kwa kipimo, na ndiyo inayolainisha chuma ndani. Esanse peke yake inawaka vizuri, hata vizuri mno, lakini ni kama kumlisha mtu pilipili bila ugali. Na ile oli, kwa watu wa mto, jina lake ni mafuta. Esanse ni esanse. Angeniuliza kwa Lingala ningemwelewa, maana Lingala yangu ni ya sokoni na sokoni mafuta hayawi esanse. Aliniuliza kwa Kiswahili kwa sababu ya heshima, na mimi Kiswahili changu kilitoka jikoni kwa mama.

Mpaka mdomo wa mto Lindi, safari ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ndani ya tangi la Noko kulikuwa na mchanganyiko wake wa zamani, na moteri ilinguruma sawasawa, ikitupa nyuma uzi wa maji ambao Noko aliuita mkojo. Maji huingia kwa chini, yanazunguka ndani kupoza chuma, yanatoka nyuma. "Ikiwa inakojoa, iko muzima," alisema. "Ikiacha, ujue iko mugonjwa. Kama mutu." Nikapewa kazi ya kutazama mkojo. Niliifanya kwa bidii; sijawahi kupewa kazi inayonifaa hivyo, ya kukaa na kuangalia.

Alinitania njia nzima. Aliniuliza kama maji yananitisha, nikasema hapana, nimeyaona mengi ndani ya ndoo. Akasema dada yake alikuwa akimwambia kwamba mimi nikioga huwa nashika ukuta. Tulicheka mpaka tukakumbuka turubai.

Tulipopita kijiji cha Yakusu, tangi likakauka. Noko akamimina bidoni yangu ya kwanza, akaminya kile kibofu cha mpira kinachosukuma esanse, akavuta kamba. Moteri iliwaka kwa mvuto mmoja. "Uko naona?" akasema. "Esanse ya bokilo iko na nguvu." Nilivimba kichwa. Jua lilikuwa bado liko chini, tulikuwa mbele ya saa, na nilianza kujiona mtu wa mto.

Haikupita muda sauti ikabadilika. Kwanza ilipanda, ikawa nyembamba kama sauti ya mtu anayesaga meno. Kisha mtumbwi ukapunguza mwendo wenyewe ingawa Noko hakugusa kitu. Kisha moteri ikasimama.

Ukimya wa mto mkubwa ni kitu kibaya. Mtu anasikia maji yakijadiliana chini yake.

"Kongo ya Sika," akasema Noko mara moja. Hilo ni jani lile linaloelea lenye maua ya zambarau, lililoujaza mto wetu. Kwa Lingala maana yake ni Kongo mpya. Linaziba tundu la maji, moteri inashindwa kupoa. Akainua moteri, akaingiza mkono chini, akatoa kweli majani na mizizi myeusi. "Unaona? Kongo mupya imetuingia matakoni."

Nikasema, "Lakini Noko, ilikuwa inakojoa. Nilikuwa natazama."

"Ilikuwa inakojoa kidogo."

"Ilikuwa inakojoa sana."

Bokilo habishiwi. Alitema mate juu ya kichwa cha moteri na mate yakaungua kwa mlio. Mimi nilimaliza sekondari, na katika fizikia yote nilibakiza sentensi moja tu: joto hutanua chuma. Nikaitoa. Noko akasema, "Alors?" Yaani, kwa hiyo? Nikasema basi tungoje chuma kirudi kidogo. Tukangoja, mkondo ukitubeba ubavu. Alipovuta kamba tena, ilikuwa nzito, lakini moteri iliwaka. Noko akasema kweli shule si bure. Muone jinsi mtu anavyoweza kusema jambo sahihi na asijue hata kidogo amesema nini.

Mbele kidogo ya hapo, kando ya kisiwa chenye wavuvi, ilianza tena. Safari hii haikusimama. Ilichoka tu, ikawa inavuta kama mzee anayepanda ngazi. Noko alikagua kibofu cha mpira, akasema kinaingiza hewa, akakifunga kwa utepe. Hapana. Akafungua mfuniko wa tangi ili lipumue. Hapana. Akazima, akasema ni buji. Buji ni kile kidude kinachotoa cheche. Akazifungua zote mbili kwa ufunguo aliouchomoa chini ya miguu yangu, akazishika mkononi.

Nilizitazama pamoja naye. Zilikuwa kavu na nyeupe, kama mfupa uliokaa juani.

Noko alizitazama muda mrefu. Sasa ninajua alichokuwa akikiona: buji ya moteri kama ile inatakiwa iwe na weusi na utelezi, alama ya oli. Ile haikuwa na kitu. Alizitazama buji, akatazama bidoni zangu, akanitazama mimi, kisha akatazama mto. Nilimwona kabisa akifungua mdomo na kuufunga.

"Noko, kuna nini?"

"Hapana kitu, bokilo. Buji imezeeka."

Akaweka nyingine mbili, za akiba. Alijua, au alikuwa karibu kujua. Lakini kuniuliza mara ya pili ilikuwa sawa na kuniambia mimi ni muongo, na dada yake bado hajazikwa. Akachagua kuiamini kauli yangu kuliko macho yake. Mimi nami, badala ya kuuliza mara ya pili, nilikaa kimya, kwa sababu nilidhani anaona aibu kwa ajili ya moteri yake mbovu na sikutaka kumzidishia. Hivyo tukavumiliana.

Moteri iliwaka ikiwa imekasirika. Tulikwenda, sijui, umbali wa kuchoka kuhesabu vijiji. Jua lilikuwa linapanda. Nilikuwa nikiangalia jua na mkojo kwa zamu. Mkojo ulitoka vizuri mpaka mwisho kabisa. Ndani ya sauti kukatokea mlio mmoja, kama sufuria iliyoangukia simiti, na kila kitu kikasimama. Noko akavuta kamba. Kamba haikuja. Akaweka mguu juu ya ubao, akavuta kwa mwili mzima. Kamba ilikuwa kama imefungwa kwenye mti. Tukangoja ipoe, fizikia yangu yote ikapita, tukavuta wote wawili. Chuma kilikuwa kimeshika chuma.

Ndipo Noko akaniambia, kwa Kiswahili chake cha adabu: "Bokilo, unipe mukono wa shati."

Sikuelewa, nikanyoosha mkono. Akachovya kidole ndani ya bidoni yangu, akadondosha tone moja juu ya shati langu jeupe la mazishi. Tukatazama. Tone lilitanuka, likawa doa la kijivu, likaanza kukauka kwa pembeni, likaisha. Kitambaa kikabaki safi, hakuna hata kivuli. Esanse yenye oli inaacha doa ambalo mke wako atakusuta nalo mwaka mzima. Mara ya kwanza maishani nilisikitika kuona nguo yangu ni safi.

"Hakuna mafuta," akasema.

"Lakini Noko, hayo ndiyo mafuta."

"Hii iko esanse."

"Ndiyo. Mafuta."

Akakaa juu ya ukingo wa mtumbwi. Akarudia maneno yale ya asubuhi polepole, kwanza kwa Lingala, halafu kwa Kiswahili, akiyasikiliza mwenyewe. "Esanse, iko na mafuta. Mafuta matupu." Nikaona uso wake unavyoelewa. Nikaelewa na mimi. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Mtu akikutukana mnaanza kitu kipya.

"Si kitu, bokilo," akasema. "Shika kafi."

Kutoka hapo mto ulitupeleka kwa mwendo wake. Sisi tuliongeza kafi, yeye mbele, mimi nyuma, na mimi kafi ilikuwa inanipiga magoti kuliko maji. Tungeweza kuvutwa. Mitumbwi yenye moteri ilikuwa inatupita, hata baleinia moja, boti kubwa ya mbao, ya wafanyabiashara iliyokuwa inashuka na magunia. Lakini turubai lilikuwa limefunuka upande, na kila aliyetupita aliona sanduku. Na watu wetu ni watu wenye adabu. Walipunguza moteri zao ili mawimbi yasimsumbue marehemu. Walivua kofia. Wanawake waliweka mkono kifuani. Noko alisimama, akapunga mikono, akaita, "Iko tupu, iko tupu, mutuvute," lakini kwa mbali mtu anayepunga mikono karibu na jeneza anaonekana analia. Wakainamisha vichwa zaidi, wakatupita polepole, wakawasha moteri baada ya kufika mbali. Sijawahi kuheshimiwa na watu wengi hivyo kwa siku moja.

Jua lilipita utosini tukiwa bado hatujaona Yanonge. Noko alipiga kafi tu, na mgongo wake ulikuwa mbele yangu, na niliutazama kwa sababu hakukuwa na mkojo tena wa kutazama.

Alasiri iliyochoka, kijijini. Nilitegemea kusikia kilio tangu majini, nikasikia mchi tu, mtu anatwanga. Tulipofunga mtumbwi walikuja wazee watatu, wakanisalimia kwa mikono miwili. Hawakutazama sanduku. Wakaniongoza kwenye kivuli cha paa la majani, wakanipa kiti, maji ya kunywa, halafu samaki wa liboke, aliyepikwa ndani ya majani, na kwanga ya muhogo. Nikasema, wazee, ningependa kwanza tupeleke sanduku kwa mama. Mkubwa wao akasema, "Kula kwanza, bokilo. Mutu akitoka safari anakula kwanza." Nikala. Nikafikiri, kama wanatulia hivi basi tumewahi. Nikaomba hata kipande cha pili cha samaki, Mungu anisamehe.

Nilipomaliza kunawa ndipo yule mkubwa akakohoa. "Bokilo, mama yetu alichoka kungoja. Mvua ilikuwa inakuja. Pasta alikuwa na mazishi ya ngambo ingine. Donc, tulimulaza."

"Ndani ya nini?"

Akatazama vidole vyake. "Mukeka muzuri. Mupya."

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa chini na dada zake, kichwa kimefungwa kitambaa. Nikachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mazuri, ya kusikitisha. Aliona doa ambalo halikuwepo. Namaanisha alitazama mkono wa shati langu niliokuwa nimeushika kama mtu aliyeumia.

"Moteri ilikufa," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, swali la Noko na jibu langu, neno kwa neno. Mke wangu amekua na lugha zote mbili mdomoni. Hakungoja nimalize, alielewa kwenye "iko na mafuta". Dada zake pia walielewa, mmoja akafunika mdomo, na sitaki kujua alikuwa anaficha kilio au kicheko.

"Noko hakufungua bidoni?" akauliza.

"Alikuwa ananiheshimu."

"Na wewe hukumuuliza, mafuta gani?"

"Nilikuwa namheshimu."

"Bon," akasema mke wangu. "Mulikuwa munaheshimiana." Akageuza uso.

Aliomba kaburi lifunguliwe. Wazee wakamkatalia kwa upole: mtu akishalala haamshwi ili abadilishiwe kitanda. Akaomba basi sanduku lizikwe kando ya mama. Wakakataa kwa upole vilevile: kuzika sanduku tupu ni kumwita mtu wa kulijaza, na kila mmoja alikuwa anapenda watoto wake. Hata kulipandisha kijijini hawakutaka. Lilibaki ndani ya mtumbwi, majini, chini ya turubai, na watoto walikatazwa kwenda kuogelea upande ule.

Kurudi kwangu kulikuwa siku chache baadaye, peke yangu. Mke wangu alibaki kwa matanga. Baleinia iliyokuwa inapanda Kisangani ilikubali kunichukua, lakini nahodha alipoona sanduku akauliza, iko na mutu? Nikasema hapana. Akasema basi hapana na yeye. Sanduku tupu halipandi chombo chake, linatafuta abiria. Nikabaki nimesimama ukingoni kama mtu anayeuza kitu kisichonunuliwa. Noko ndiye aliyelimaliza jambo. Moteri yake ilihitaji kupelekwa kwa fundi mjini. Akafungua kifuniko cha sanduku, yeye na wanaume wawili wakainyanyua moteri, wakailaza ndani, helisi, yaani pangaboi, upande wa miguu. Wakaifunga pembeni kwa nguo za kitenge isigonge. Akafunga kifuniko. "Sasa iko na mutu," akamwambia nahodha.

Ilitoshea vizuri. Seremala alikuwa amepima kwa ukarimu.

Njia ya kupanda ni ndefu. Abiria walinipisha nafasi nzuri, kwenye kivuli, kando ya sanduku. Mama mmoja mzee mwenye vikapu vya mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, alikuja akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ni nani, mwanangu?"

Sikutaka kusema uongo. Nikasema, "Sanduku ni la mama mkwe."

"Pole sana. Alikuwa mutu muzuri?"

"Alikuwa ananitania."

"Basi alikuwa anakupenda," akasema. Akaweka mkono wake juu ya kifuniko, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa muda, kwa Lingala, vizuri sana, akamtaja mama yetu kama aliyekuwa akimjua: mikono yake iliyolisha watu, mgongo wake uliobeba watoto, kitanda chake cha mwisho kiwe laini. Abiria wengine wakasimama, wakavua kofia. Na mimi nikasimama. Ningeweza kumwambia. Lakini hayo ndiyo maombi pekee yaliyosemwa juu ya sanduku lile, na yalikuwa yake, kwa hiyo nikayaacha yapite, nikaitika amina juu ya moteri.

Kisangani, fundi alipofungua kifuniko alirudi nyuma hatua, kisha akacheka mpaka akakaa. Alipomaliza kucheka akafungua moteri. Pistoni zilikuwa zimekwaruzwa na kushikana na ukuta wake, zikaonekana kama sabuni iliyokwanguliwa kwa kisu. "Hii haiponi," akasema. "Nani aliipa esanse kavu?" Nikasema ni mtu mmoja wa nyumbani. Sanduku lilibaki kwake. Ameliweka ukutani, anatilia vipuri. Mke wangu hapiti tena barabara ile.

Mmetaka kujua nilichojifunza, maana mtu akisafiri lazima arudi na kitu. Nilijifunza kwamba esanse si mafuta, jambo ambalo mtoto wa Isangi, huko mtoni, analijua kabla ya kuota meno. Nilijifunza kufungua bidoni ya mkwe na kunusa mbele ya macho yake, na akikasirika akasirike. Noko amenisamehe, amesema hivyo mbele ya watu, na tangu siku hiyo tukikutana ananisalimia kwa mikono miwili na hanitanii tena.

Mke wangu alirudi baada ya matanga. Hatujagombana. Zamani, mafuta yakiisha, alipiga kelele tu kutoka jikoni na mimi nilijua. Siku hizi anatoka jikoni, anapangusa mikono, anasimama mbele yangu na kuniambia polepole, neno kwa neno: niletee mafuta ya kupikia, yale mekundu, ya mawese, ndani ya chupa. Kisha anangoja niseme nimeelewa. Nikisema, ananishukuru.